Mvuvi mkimya na mvuvi msemaji

Nauza ndagala, dagaa wa Ziwa Tanganyika, mjini Rumonge, Burundi, na kati ya vijana wanaonivulia wawili ni wavutaji. Mmoja ni mkimya. Usiku ziwani, taa zimewashwa na wavu umezama, huvuta ili usingizi usimchukue; akifika nchi kavu anaweza kufika alasiri bila kuikumbuka sigara. Mwenzake ni msemaji. Ndani ya boti soga humtosha, lakini mweke barazani na chai na rafiki watatu, pakiti inaisha kabla ya mazungumzo. Wakienda kituo cha afya na kikohozi, wote huambiwa neno lilelile: acha.

Ni neno la haki, ila halimwambii mtu aanze lini. Wiki ya kwanza ndiyo ngumu, mwili ukidai nikotini na mtu akigombana hata na kivuli chake. Sisi tuna kalenda yetu: mwezi ukipevuka, taa haziwaiti tena ndagala, boti zinalala ufukweni. Mkimya aanze hapo, alale usiku kama watu. Msemaji akianza mbalamwezi, baraza itamrudisha siku hiyohiyo. Yeye angoje giza, ziwa limtenge na wenzake wa barazani. Ramadhani pia ni hivyo: yupo anayeacha kwa kuwa ameona mchana anaweza, na yupo anayefuturu kwa moshi kabla ya tende.

Tusivuke mpaka, lakini, tukadhani tabia ndiyo inayoua. Hans Eysenck, mwanasaikolojia wa London, alidai tabia ya mtu huchangia saratani zaidi kuliko sigara yenyewe, na kampuni za tumbaku zilimfadhili. Mwaka 2019 King's College London ilitangaza kuwa makala 26 alizoshiriki kuandika si za kutegemewa. Sigara huua mkimya na msemaji vilevile.

Karl Fagerström, mwanasaikolojia wa Sweden, ana swali ambalo muuguzi yeyote anaweza kuliuliza: sigara ya kwanza unaiwasha dakika ngapi baada ya kuamka? (Mvuvi huamka mchana, asicheke mtu.) Anayeiwasha ndani ya dakika 5, mawaidha matupu hayamfikishi mbali. Anahitaji kibandiko au chingamu ya nikotini, na Shirika la Afya Duniani liliviingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Serikali ivilete katika vituo vya ufukweni, kuanzia hapa hadi Nyanza-Lac, na muuguzi amuulize mgonjwa analala saa ngapi na anavuta na nani.