Samaki wa mawe ya Moba: mlezi wake wa kwanza yuko ufukoni

Katika maduka ya samaki wa mapambo huko Ujerumani, Marekani na Japani, kuna matangi ya kioo yaliyoandikwa majina ambayo mtoto wa jimbo la Tanganyika anayajua tangu utotoni: Moba, Kapampa, Moliro. Si majina ya wenye maduka. Ni majina ya ufuko wa Congo ambako samaki hao, au wazazi wao, walikamatwa. Mmoja kati yao ni Frontosa wa Moba, samaki mkubwa wa rangi ya buluu mwenye mistari myeusi na nundu kwenye paji la uso. Akiwa mzima na ametoka ziwani, mnunuzi anaweza kumlipia zaidi ya dola 100. Mnunuzi huyo pengine hataiona Moba hata siku moja, lakini jina lake analitaja kwa heshima.

Swali la kuulizwa ufukoni ni hili: ikiwa mtu wa mbali anamtunza samaki huyo kwa uangalifu mkubwa, nani anamtunza huku alikozaliwa? Jibu haliwezi kuwa serikali peke yake. Mlezi wa kweli ni mkaaji wa ufuko, mwenyeji pamoja na familia zilizokimbia vita na kujikuta kando ya ziwa. Lakini hakuna atakayelinda mali ambayo haimpi hata sahani ya bukari. Kazi ya ulinzi na haki ya kupata fungu lazima viende pamoja.

Kwanza ni vizuri kujua samaki hawa wanatunzwaje huko waliko. Maji ya Ziwa Tanganyika si kama maji ya mto. Yana madini mengi, na samaki aliyezoea hayo hawezi kutiwa katika maji yoyote tu. Mfugaji wa Ulaya mara nyingi analazimika kuyatengeneza maji ya bomba kwa bikaboneti na chumvi nyingine, kuyaweka kwenye joto la digrii 25 hadi 27, na kila mara kupunguza maji machafu na kuongeza mapya. Anaweka mawe ndani ya tangi, kwa sababu samaki wa mawe asiye na pango la kujificha hana amani.

Chakula nacho kina sheria yake. Yupo samaki mdogo anayeitwa Tropheus, ambaye urefu wake haupiti sana kiganja cha mtu mzima. Yeye hula mwani, yaani ule utelezi wa kijani unaoota juu ya mawe yanayofikiwa na jua karibu na ufuko. Utumbo wake ni mrefu, umeumbwa kwa chakula cha aina hiyo. Akilishwa nyama, kama moyo wa ng'ombe ambao wafugaji huwapa samaki wengine, tumbo linaweza kuvimba na siku chache baadaye akafa, na wenzake wakamfuata. Kwa hiyo mfugaji mwenye akili humpa chakula kikavu kilichotengenezwa kwa mwani, kidogo kidogo, mara 2 au 3 kwa siku, kiasi cha kumalizwa kwa dakika chache. Kinachobaki kinaoza na kuharibu maji. Tena Tropheus hawawekwi wawili au watatu, maana mwenye nguvu atampiga mnyonge mpaka amuue. Wanawekwa 15 au 20 pamoja, ili ugomvi ugawanyike na asiwepo mmoja wa kuonewa kila siku.

Jambo la uzazi ndilo zito kuliko yote. Mama wa Tropheus hatagi maelfu ya mayai. Hutaga machache, mara nyingi chini ya 20, kisha anayaweka kinywani na kuyabeba humo karibu mwezi mzima. Watoto wakianguliwa wangali humo kinywani, mama anaendelea kuparua mawe, na sehemu ya kile anachokiparua wanakula wao. Ndakala wa katikati ya ziwa ni tofauti: wanazaa kwa wingi na kukua ndani ya muda wa mwaka mmoja hivi. Ziwa likipumzishwa kidogo, ndakala wanaweza kurudi. Mama wa Tropheus aliyekamatwa ameondoka na kizazi chake kinywani, na nafasi yake haijazwi upesi.

Kuna jambo la pili ambalo wengi ufukoni wameliona kwa macho bila kuambiwa na mwalimu. Samaki hawa hawasafiri. Tropheus hapendi kuvuka mchanga mrefu wala kilindi, kwa sababu chakula chake na maficho yake yako kwenye mawe. Ndiyo maana samaki wa upande huu wa mdomo wa mto anaweza kuwa na mkanda wa manjano, na wa upande wa pili akawa mwekundu au mweusi. Wataalamu na wafugaji wamehesabu rangi nyingi sana za samaki huyu kuzunguka ziwa, kila moja na mahali pake, na hiyo ndiyo sababu matangi ya kigeni yanaandikwa majina ya vijiji. Maana yake ni hii: wakimalizika kwenye mawe ya kijiji kimoja, hakuna jirani atakayekuja kujaza pengo. Hata akija, hatakuwa na rangi ile ile.

Biashara hii si mpya. Katika miaka ya 1970, Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa akisafirisha samaki wa Tanganyika kutoka Bujumbura kwenda nje, na kuna samaki wa ziwa hili aliyepewa jina lake. Tangu wakati huo wazamiaji wamefanya kazi kwenye fuko za Burundi, Tanzania, Zambia na Congo. Ni kazi ya hatari na ya ujuzi. Frontosa anakaa chini sana, mara nyingi kwenye mita 20 au zaidi, na akivutwa juu kwa haraka hewa iliyo ndani ya mwili wake inatanuka na kumuua. Mzamiaji anayejua kazi humpandisha kwa hatua, akimwacha apumzike kwenye wavu njiani, wakati mwingine kwa siku kadhaa.

Kwa hiyo samaki huyu anavumiliwa na kubembelezwa tangu anaposhikwa mpaka anapofika kwenye kioo. Mawe yake ndiyo hayabembelezwi. Chandarua cha mbu kikikokotwa kwenye maji mafupi kinabeba kila kitu, mpaka mtoto wa samaki aliye mdogo kama punje ya mchele. Dawa iliyotiwa kwenye chandarua kipya ili kuua mbu nayo ni sumu kali kwa samaki. Miti ya milima iliyo juu ya ufuko ikikatwa kwa ajili ya makala na mashamba, mvua inashusha udongo mpaka ziwani. Udongo huo unafunika mawe, na mwani uliofunikwa na tope si chakula tena. Na pale wazamiaji wanapokamata samaki bila hesabu, mawe ya kijiji kimoja yanaweza kubaki matupu kabla wenyeji hawajajua kilichoondoka.

Hapa mtu atasema: watu wanalala chini ya mabashi, watoto wana njaa, na ninyi mnazungumza juu ya samaki wa kupamba nyumba za matajiri? Neno hilo lina uzito na halifai kupuuzwa. Mama aliyekimbia kijiji chake bila jembe wala sufuria hakuingia majini na chandarua kwa kupenda kuharibu. Aliingia kwa sababu maji mafupi ndiyo shamba pekee ambalo halikuulizwa ni la nani. Kumpiga faini au kumnyang'anya chandarua, halafu kumwacha bila kitu cha kuinjika jikoni, si kulinda ziwa. Ni kumwongezea mkimbizi msiba wa pili.

Lakini jibu la njaa yake haliko kwenye mawe. Samaki wa mawe ni wadogo, ni wachache, na sufuria moja ya watoto wao haishibishi nyumba. Chakula cha ziwa hili ni ndakala na mikebuka, na hao wanavuliwa mbali na mawe, usiku, kwa taa, mwezi ukiwa haupo. Anachokosa mkimbizi ni mtumbwi, taa, wavu unaofaa na nafasi katika kundi la wavuvi. Mashirika yanayogawa unga na mafuta yangefanya vema kuweka vitu hivyo kwenye hesabu zao, na vyama vya wavuvi kufungua mlango kwa wageni badala ya kuwaona kama wezi wa ziwa.

Upande wa biashara, haki ni jambo la daftari. Yeyote anayekuja kuzamia kwenye mawe ya kijiji aandikishwe kwa chifu na kwa kamati ya ufuko: ametoka wapi, anakamata wapi, samaki wa aina gani na wangapi. Fungu la kijiji lijulikane kabla ya mzamiaji kuingia majini, lisomwe mbele ya watu, na liende kwenye kitu kinachoonekana kama kisima, dawa za kituo cha afya au miche ya kupanda mlimani. Mawe mengine yaachwe kabisa, yasiguswe na mzamiaji wala na mwenye wavu, yawe mahali pa mbegu. Wavuvi wazee wanajua ni yapi. Wanahitaji tu kuulizwa.

Karatasi za kuanzia zipo. Mwaka wa 2003 Congo, Burundi, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba wa kulisimamia ziwa kwa pamoja, na ukazaa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao Bujumbura. Mwaka wa 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kwa miezi 3, kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Ni hatua nzuri kwa ndakala. Kwa samaki anayelea watoto wachache kinywani, miezi 3 haitoshi. Yeye anahitaji mawe yanayolindwa mwaka mzima, na ulinzi wa namna hiyo hautoki Bujumbura wala Kinshasa. Unatoka kwa mtu anayeamka asubuhi akiyaona mawe hayo mbele ya mlango wake.

Na ufuko usijidanganye kwamba wanunuzi watakuja kuyaokoa mawe hayo. Wafugaji wa nje wamekwisha kujifunza kuwazalisha samaki hawa ndani ya matangi. Moba ikimaliza wake, mnunuzi wa Ujerumani ataendelea kununua samaki mwenye jina la Moba, aliyezaliwa Ujerumani, na pesa yote itabaki huko. Hasara haitamfikia yeye. Itamfikia mzamiaji aliyekosa kazi, na mtoto wa Moba atakayelazimika kutazama picha ili ajue samaki wa kwao alikuwa na rangi gani.

Machifu, vyama vya wavuvi na kamati za watu waliokimbia makwao hawahitaji kungoja mradi kutoka mbali ili kukaa pamoja. Mkutano wa kwanza unahitaji mambo matatu tu: kuchagua mawe ya kuachwa, kufungua daftari la wazamiaji, na kukubaliana ni familia ngapi za wakimbizi zitaingia katika makundi ya wavuvi wa usiku. Wakimbizi wakae kwenye mkutano huo kama wenye neno, si kama watuhumiwa.