Staa Acheka Ukoko wa Ifakara, Kumbe Hajui Anachokosa!

Kuna staa mmoja wa Dar kamcheka mtandaoni binti wa Ifakara. Kosa lake? Kaposti kifungua kinywa alichobuni mwenyewe: ukoko wa wali wa jana kauvunjavunja, kaukaanga ukawa mkavu, kamwagia maziwa ya moto na asali. Staa akaandika eti hiyo ni njaa, sio mapishi. Mashabiki wakacheka, binti kafuta picha.

Jamani, njaa? Bonde la Kilombero ndiko unakotoka ule mchele unaonukia, ambao muuza duka wa Dar akitaka kukupandishia bei anautaja kwa jina. Leo watu wa huko wafundishwe namna ya kula mpunga? Kabla vyakula vya maboksi havijajaa supermarket, bibi zetu walishakaanga mpunga mbichi, wakautwanga kwenye kinu ukawa bapa, wakautafuna na nazi na sukari. Pepeta hiyo! Na huko Iran ukoko unaitwa tahdig, ndio unaogombewa mezani.

Kila pishi lilianza na mtu aliyejaribu. Kuna aliyesaga kiporo akachoma vitumbua, vya kwanza vikagandia kwenye chuma, akacheka, akarudia. Raha yenyewe ndiyo hiyo. Ukimcheka mwenzio hadharani, kesho hathubutu tena, na mapishi mengine yanafia jikoni.

Binti, rudisha picha. Staa naye apike kitu kimoja bila kuita bodaboda wa chipsi, watu waonje.