Peaji tunalipa, mashimo ni ya nani?

Vijana wa Kolwezi, wa Fungurume, wa Likasi,

Kila mwenye amepanda bisi kwenda Lubumbashi anajua: karibu kilometa 300 za barabara, na kizuizi cha peaji kinashuka mbele yako. Dereva analipa, halafu wewe unamurudishia ndani ya bei ya safari. Mwenye hasafiri naye analipa. Unga wa bukari wenye kutoka Zambia unaingia Kasumbalesa, kisha unapanda barabara hiyo hiyo mpaka sokoni kwetu. Mama wa Manika hajashika tikiti ya peaji hata siku moja, lakini anailipa kwa kila kipimo cha unga.

Tena si mara moja. Tangu 2008 kuko FONER, mfuko wa kutunza barabara, na kila lita ya esanse iko na fungu lake. Unalipa ku pompi, unalipa ku kizuizi, na mashimo yakivunja motokari, unamulipa na fundi.

Watatuambia: «Mumesahau potopoto ya zamani?» Hatujasahau. Lami ni kitu kizuri, na kuchangia barabara si dhambi. Lakini nani anaiharibu? Majaribio ya Illinois, Marekani, 1958 mpaka 1960, yalionyesha kwamba ekseli yenye uzito mara mbili inaumiza lami karibu mara 16. Si taxi ya Likasi yenye kuvunja barabara, bwana! Ni makamio ya shaba na kobalti, usiku na mchana, kwa sababu reli ya SNCC imeachwa ichakae.

Na makuta hayakukosa. Mkataba wa Sicomines wa 2008, kisha kurekebishwa 2009, uliahidi dola bilioni 3 za miundombinu. Mwaka 2023 IGF ilihesabu milioni 822 tu.

Tunataka karatasi. Mapato ya kila posti ya peaji yabandikwe kila mwezi ku meri, watu wasome. Mkataba wa mwenye kukamata peaji utangazwe wote, pamoja na tarehe yenye unaisha. Kamio yenye kuzidisha mzigo ilipe kadiri inavyoharibu. Ambulansi ipite bila kusimama, hiyo hata si ya kujadili.

Kuanzia leo, usitupe tikiti yako. Ipige picha, andika tarehe na kiasi, piga na shimo lenye ulikuta nyuma ya kizuizi. Tutazipeleka zote kwa wabunge wa jimbo. Na mukubwa mwenye atasema pesa iliingia mu lami, atuonyeshe ni kilometa gani.