Kondoo mwenye mimba akianguka, msitafute mchawi

SIMI-SIMI, Kisangani – Tabia hii ikome. Kondoo jike amekaribia kuzaa. Asubuhi anayumba, jioni amelala chini, shingo imepinda, tumbo limejaa hewa. Watu wanakusanyika kwenye parsela, na badala ya kuita muganga wa mifugo wanatafuta jina. Jina linalopatikana haraka ni la mama mzee, au la familia iliyovuka mto kukimbia mapigano ya Wambole na Walengola, isiyo na ndugu wa kuitetea hapa.

Mara nyingi kondoo huyo amepungukiwa na kalsiamu katika damu. Mimba yake ni ya karibu miezi 5, lakini mifupa ya mwana hujijenga zaidi wiki za mwisho. Mwana haombi, anavuta. Homoni zake, pamoja na za kondo la nyuma, huhamisha kalsiamu ya mama mpaka damu ya mwana inakuwa nayo nyingi kuliko ya mama mwenyewe. Mama naye ana tezi ndogo shingoni. Homoni yake huamuru mifupa iachie akiba, na figo zisiipoteze kwenye mkojo. Vitamini D husaidia utumbo kuichukua kwenye chakula. Ila kazi hiyo inahitaji muda. Mwenye mapacha, aliyelala njaa, au aliyefungwa miguu juu ya toleka siku nzima, huishiwa kabla homoni hazijamfikia. Bila kalsiamu misuli haifanyi kazi.

Muganga akichoma sindano ya kalsiamu mapema, mara nyingi mnyama husimama baada ya muda mfupi. Uchawi gani huo unaoshindwa na chupa ya kalsiamu? Asiposimama, kuna ugonjwa mwingine, na huo pia ni kazi ya muganga. Antibiotiki ya sokoni haiongezi kalsiamu hata kidogo.

Wafugaji nao wasijifiche. Kamba fupi, maganda ya muhogo kila siku, halafu mshangao! Kondoo huyo anataka majani mabichi, hasa ya jamii ya maharage, na chumvi ya madini. Wanaogawia wakimbizi wa ndani kondoo wa kufuga bila kuwaonyesha muganga wa mifugo wanawapa ugomvi na majirani.

Na shefu wa mtaa akiletewa mashtaka ya uchawi juu ya kondoo, aanze na swali moja: muganga aliitwa saa ngapi?