Waliokataliwa Kazi Wako Wapi?

Kila tunapopita katika matawi na kufungua daftari la wanachama, twakuta jambo ambalo hatuwezi kulinyamazia. Yamo majina ya vijana waliokuwa wakija mikutanoni bila kukosa, wakiandika kumbukumbu kwa mwandiko mzuri, wakibishana nasi mpaka taa zinazimwa. Sasa hawaonekani. Tukimwuliza katibu wa tawi, hujibu: "Yule? Yule anatafuta kazi." Kana kwamba kutafuta kazi ni safari ya kwenda ng'ambo! Kijana yupo pale pale, mtaa wa pili, nyumbani kwa babake. Amekataliwa mara nne, mara saba, mara kumi na mbili, na sasa amejifungia ndani.

Twataka kusema juu ya kijana huyo, na zaidi twataka kusema naye.

Kwanza ajue hesabu. Mwezi Juni mwaka 2014 Idara ya Uhamiaji ilikuwa na nafasi 70, na waliofika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa usaili walizidi 10,000. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilikuwa na nafasi 1,596, nao walioomba wakawa 135,027. Chukua kalamu ugawanye mwenyewe: kila nafasi moja iligombewa na watu wapatao 85. Hata wote 85 wangekuwa na vyeti vya daraja la kwanza na adabu ya kupigiwa mfano, 84 wangerudi makwao mikono mitupu. Kijana aliyerudi hivyo asiseme nafsini mwake kwamba amepimwa na kuonekana hafai kitu. Viti vilikuwa vichache, basi.

Wazee wetu hupenda kumwambia: mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Ni neno la kweli. Lakini siku ambayo upwani wamo watu 85 wanaogaagaa juu ya chaza mmoja, haifai kumcheka aliyerudi kula wali wake mkavu.

Sisi tuliopita vyuo vya ualimu twalijua jambo hili kwa namna yake. Zamani mwalimu akimaliza chuo alingoja kupangiwa kituo, akafunga sanduku lake akaenda, iwe Newala au Kibondo. Mtindo huo umekwisha. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha ajira mpya ili kuwahakiki watumishi hewa na vyeti vya bandia, na walimu waliohitimu miaka ile wakaanza kungoja, wakakutwa wangali wakingoja na wale waliohitimu nyuma yao. Kisha mwalimu naye akatakiwa kuomba na kufanya usaili kupitia Sekretarieti ya Ajira kama mwombaji mwingine yeyote. Uchungu wa mwalimu una ladha yake ya peke yake, maana nyuma ya nyumba yao ipo shule, na katika shule hiyo limo darasa la watoto zaidi ya mia kwa mwalimu mmoja. Naye yupo, cheti anacho, pengine hata chaki anaishika kila asubuhi akijitolea kwa posho ndogo ya wazazi, lakini jina lake halimo katika orodha. Mtu huyo ukimwambia "vumilia tu," ni kama unamdhihaki.

Wengine humwambia "jiajiri." Neno hili limekuwa jepesi mno midomoni mwa watu wenye mishahara. Hatulipingi. Lakini aliambiwe mtu pamoja na njia yake. Sheria yataka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Basi kiongozi apendaye kusema "jiajirini" na aende kwanza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yake, aulize kikundi huandikishwaje, katiba yake huandikwaje, na marejesho huwa vipi, halafu arudi awaeleze vijana. Akiona hiyo ni kazi kubwa, na anyamaze.

Sasa tutazame kukataliwa kwenyewe kunavyomfanya mtu. Mara ya kwanza huuma, na maumivu yake hupoa. Mara ya pili mtu hujipa moyo. Hatari huanza kama mara ya tano au ya sita, na sababu yake kubwa ni ukimya. Siku hizi hata barua ya "tunasikitika kukuarifu" mara nyingi haiji. Mkeka hutoka, kijana hutazama kwenye simu kuanzia herufi ya jina lake, hurudia mara ya pili na ya tatu, jina halipo. Hakuna aliyemwambia kwa nini. Mwanadamu hawezi kukaa na swali lisilo na jibu, na kijana akiachwa alijibu mwenyewe, hulijibu kwa kujitukana: mimi mzito wa akili, mimi nina mkosi, mimi sina mtu. Kisha huanza kukwepa arusi na misiba, kwa kuwa kila mahali yupo shangazi wa kuuliza, "Vipi mwanangu, bado tu?" Kisha hulala mchana. Kisha huacha mkutano wa tawi, na gazeti hili halisomi tena.

Wala tusidhani kwamba haya ni ya kwetu peke yetu au ya vijana wa leo tu. Kijiji cha Marienthal, karibu na mji wa Vienna katika nchi ya Austria, kiliishi kwa kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kilipofungwa, kati ya mwaka 1929 na 1930, karibu kijiji kizima kilibaki bila kazi. Wataalamu Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikwenda na wenzao kuyachunguza maisha ya watu wale, na kitabu chao kikatoka mwaka 1933. Mtu angedhani kwamba wenye saa nyingi za bure wangesoma zaidi na kukutana zaidi. Ikawa kinyume. Vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua karibu nusu. Gazeti la chama cha wafanyakazi lilipoteza wasomaji wengi, ingawa wasio na kazi walikuwa wakiuziwa kwa bei ya chini. Na wanaume walionekana wakitembea polepole barabarani, wakisimama kila hatua chache, maana hapakuwa na mahali pa kuwahi.

Habari hiyo imetufungua macho. Kumbe kijana aliyepotea mkutanoni hakutuchoka sisi wala hakuacha kuipenda nchi yake. Amepatwa na lile lile lililowapata watu wa Marienthal. Basi tawi lisikae kumngoja arudi mwenyewe. Hatarudi. Ni lazima afuatwe.

Nawe kijana, tukuambie tuliyoyaona yakifaa, na mengine hayahitaji senti moja. Usiseme tu "nimekataliwa." Uliza umekataliwa wapi, kwa maana kuna kukataliwa kwa aina tatu, na dawa yake si moja. Kama hukuitwa hata kwenye usaili, tazama karatasi zako. Je, barua yako ya maombi ulitia sahihi? Vyeti vyako vilithibitishwa na mwanasheria? Uliweka cheti chenyewe, au hati ya matokeo, ambayo matangazo husema wazi kwamba haikubaliki? Majina yako yafanana katika cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha chuo? Tumemwona mwenzetu mmoja, mtu mwenye akili kutushinda sote, akikosa kuitwa mara nyingi kwa sababu ya herufi moja katika jina la babu yake. Alidhani nchi imemchukia. Alipokula kiapo na kuyapatanisha majina, akaitwa. Kazi hajapata bado, lakini sasa anagombana na usaili, hagombani na kivuli.

Kama uliitwa ukaanguka katika usaili wa kuandika, hapo dawa ni kitabu na wenzako wanne wa kusoma pamoja, wakuulize maswali kwa sauti. Usaili wa mdomo nao hufanyiwa mazoezi. Mtu aliyekaa miezi mitatu bila kuzungumza na wageni hawezi kwenda mbele ya watu watano nyuma ya meza akajieleza vizuri, hata awe bingwa wa somo lake. Na kama ulifaulu ila nafasi zikajaa, jina lako likawekwa kwenye kanzidata, basi hukukataliwa kabisa. Umewekwa katika foleni. Foleni inachosha, twajua, lakini si aibu ya kumfanya mtu ajifiche.

Kutafuta kazi kupewe saa zake. Mwenye kushika simu alfajiri mpaka usiku akingoja mkeka huchoka kuliko mpasua kokoto, na bando lamwishia bure. Asubuhi mbili za juma zatosha kutazama matangazo na kuandika barua. Saa zilizobaki ziwe za kazi nyingine, hata ya kibarua, hata ya shamba la mama, kwa kuwa mikono ikifanya kazi kichwa hupata nafuu. Na mambo yasemwe nyumbani. Wazazi waliouza ng'ombe au kiwanja kwa ajili ya ada wana haki ya kujua kwamba mtoto wao ameomba mara tisa, wapi na wapi. Wakilijua hilo wengi wao huwa ngao yake mbele ya majirani. Wasipolijua hudhani amelala tu.

Tena, usimlipe mtu. Usaili wa Sekretarieti hauna ada. Yeyote akuambiaye kwamba anamjua mkubwa fulani, umtumie fedha "za kusukuma faili," huyo ni mwizi anayekula jasho la mtu aliyekwisha umia. Mlete habari zake tawini, na tawi limpeleke polisi.

Tumefika penye zito. Yapo maneno ya chini kwa chini kwamba kadi ya Chama na barua ya kiongozi ndizo zifunguazo mlango, na wapo viongozi wapendao kusikia hivyo, maana huwaletea wageni wengi sebuleni. Sisi twaandika katika gazeti la Chama, na kwa sababu hiyo hasa tutasema bila kuficha. Siku kiongozi anapompenyeza mpwawe kwa mlango wa nyuma, ile hesabu yetu ya 84 na mmoja inageuka kuwa uongo. Tangu siku hiyo kijana aliyekataliwa ana haki ya kuamini kwamba amedharauliwa, na sisi hatuna mdomo wa kumtia moyo. Twaweza kumwomba avumilie uchache wa viti. Hatuwezi kumwomba avumilie upendeleo. Kiongozi aombwaye barua ya namna hiyo aseme hapana, na aiseme mbele ya watu, ili hata mpwawe asikie.

Wala tusiwapime wanachama kwa mishahara yao. TANU haikujengwa na watu waliokuwa na kazi nzuri peke yao. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliacha ualimu wa Pugu mwaka 1955 ilipombidi kuchagua, na hakuna aliyeona kwamba thamani yake ilipungua siku alipokosa mshahara wa mwisho wa mwezi. Mbona basi katika mikutano yetu mwenye ajira hupewa kiti cha mbele, na asiye nayo hukumbukwa siku ya maandamano tu, apewe fulana na bendera ya kubeba?

Twaomba kila katibu wa tawi aandike orodha ya wanachama wanaotafuta kazi, na mbele ya kila jina aandike chuo alichotoka, kazi anayoijua, na tarehe aliyoonekana mkutanoni mara ya mwisho. Awaendee nyumbani yeye mwenyewe, asitume ujumbe wa simu. Awape kazi iliyo kazi kweli: kufundisha watu wazima jioni, kuwasomesha watoto wa darasa la saba, kushika vitabu vya hesabu vya vikundi vya kina mama, kuandika kumbukumbu za vikao. Mwisho wa kila robo mwaka wapewe maandishi ya kazi waliyoifanya, yenye tarehe na sahihi, wayatie pamoja na maombi yao. Na mwanachama mwenye duka la steshenari aombwe kompyuta yake kwa saa mbili kila juma, ili asiye na simu nzuri asiachwe nyuma.

Katika tawi letu siku yenyewe ni Jumanne saa kumi jioni. Tunakaa chini ya mwembe ulio nyuma ya ofisi, mmoja anasoma tangazo kwa sauti, wengine wanakagua vyeti. Aliyekataliwa juma hili na aje na karatasi zake zote, pamoja na ile anayoona haya kuionyesha.