Cheti Bila Dawa, Dawa Bila Cheti

Katika vijiji na machimbo yetu, kuanzia Nyarugusu na Katoro hadi Kakola na Maganzo, mtoto anapopatwa na homa mzazi huwa na njia mbili mbele yake. Zote mbili zina dhuluma ndani yake.

Njia ya kwanza ni zahanati. Mama huamka alfajiri, hupanga foleni, mtoto hupimwa, kisha mama hukabidhiwa cheti na kuambiwa kwamba dawa zimekwisha, akanunue dukani. Njia ya pili ni duka lenyewe. Zahanati iko mbali, au tabibu ni mmoja na wagonjwa ni wengi. Basi baba atokaye shimoni huenda moja kwa moja dukani, hueleza ugonjwa kwa mdomo, na huuziwa vidonge vichache vya antibayotiki kwa kadiri ya fedha yake, wala si kwa kadiri ya uzito wa mtoto.

Wengi humlaumu baba huyu kwa uzembe. Lakini njia ya pili imezaliwa na ya kwanza. Mzazi aliyerudishwa mara tatu akiwa na karatasi tu haoni faida ya kuifuata karatasi hiyo mara ya nne.

Hata hivyo, cheti si usumbufu. Ni ushahidi kwamba mtu aliyesomea kazi hiyo amempima mtoto, ametambua ugonjwa na kukadiria dozi. Si kila homa ni malaria. Nyingine ni nimonia, nayo huua upesi. Aidha, matumizi holela ya antibayotiki huvifanya vijidudu kuwa sugu, hata siku nyingine dawa ileile isimfae mtoto huyo wala wa jirani. Mpango wa maduka ya dawa muhimu, ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, uliwapa wauzaji mafunzo. Lakini muuzaji mwenye mafunzo bado si tabibu.

Mwaka 1993 serikali ilipoanzisha uchangiaji wa gharama za matibabu, watoto wa chini ya miaka mitano walisamehewa. Mwaka huohuo Bohari ya Dawa iliundwa kwa sheria. Sera ya Afya ya 2007 iliurudia msamaha huo. Hivyo basi, mama anayetumwa dukani hatozwi na sera. Anatozwa na rafu tupu. Papa Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa 1963, aliyahesabu matibabu miongoni mwa haki za binadamu. Haki haitimizwi kwa karatasi.

Yatupasa kufanya nini? Kwanza, kamati ya zahanati ina wajumbe wetu. Washuhudie dawa zinapopokelewa, na orodha yake ibandikwe ukutani watu waisome. Pili, kila Jumuiya Ndogondogo iandike tarehe na aina ya dawa iliyokosekana, bila kutaja jina la mtoto, na orodha hiyo ipelekwe kwa kamati na kwa diwani. Tabibu asishambuliwe; mara nyingi naye anaumia kwa upungufu huohuo. Tatu, tangu Sheria ya Madini iliporekebishwa mwaka 2017, wenye migodi hupaswa kuandaa kila mwaka mpango wa kuhudumia jamii na kukubaliana na halmashauri. Tuulize waziwazi: je, dawa za watoto zimo katika mpango huo, au majengo tu? Nne, Mkristo mwenye duka asimuuzie mzazi nusu dozi. Faida hiyo inatokana na uhai wa mtoto.

Msamaria mwema hakumwandikia majeruhi maelekezo ya kwenda nyumba ya wageni. Alimfunga jeraha, akampeleka, akalipa, tena akaahidi kurudi kulipa kilichopungua. Ardhi yetu inatoa dhahabu usiku na mchana. Haifai mtoto aliyezaliwa juu yake afe akiwa na cheti mkononi mwa mama yake.