Mguu Uliopona na Jua la Oktoba



Mwenda pole hajikwai, walisema wazee wetu. Neno hili nimelifundisha darasani miaka mingi. Nimeliandika ubaoni kwa mwandiko mzuri, na watoto nikawataka walieleze kwa mifano. Lakini mwalimu naye hufundishwa. Mimi nilifundishwa na kano ya kisigino changu, na jua la Oktoba hapa Lubumbashi, na mke wangu.

Miaka miwili iliyopita sisi walimu tulicheza mpira na wanafunzi wetu wakubwa. Katika kumfukuza mvulana mmoja mwepesi nilisikia uchungu nyuma ya kisigino, kama mwiba uliopenya. Mwenye akili angalitoka uwanjani. Mimi nilifunga kitambaa, nikaendelea. Siku zilizofuata nilikimbia asubuhi kama desturi yangu, nikijiambia kwamba uchungu utakwisha wenyewe. Haukuisha. Baada ya miezi miwili sikuweza tena kupanda ngazi za shule pasipo kushika ukuta, na wanafunzi waliniigiza nyuma yangu wakichechemea.

Ndipo nilipokwenda kwa daktari. Alinieleza kwamba kano si kama nyama: damu ipitayo ndani yake ni kidogo, kwa hiyo hupona polepole. Ukiitesa, huzidi kuharibika. Ukiilaza tu kitandani, hudhoofika. Yafaa kuipa kazi kwa kipimo. Basi alinipa kazi yenyewe: kusimama juu ya kipandio kwa sehemu ya mbele ya mguu, na kushusha kisigino polepole chini ya kipandio, mara 15, kupumzika, na kurudia mpaka mara tatu, asubuhi na jioni, kwa muda wa majuma 12. Nilidhani ananitania. Nilitazamia sindano, naye ananipa kipandio!

Kazi hiyo niliifanya mlangoni pa nyumba yetu, na watoto walihesabu. Mdogo wetu, ambaye hajaingia shule bado, amejua kuhesabu mpaka 15 kwa kisigino cha baba yake. Majuma manne ya kwanza sikuona faida yoyote. Katika juma la tano ngazi za shule zikawa fupi kidogo. Baada ya miezi mitatu nilianza kukimbia dakika moja na kutembea dakika moja. Nikaendelea hivyo, nikiongeza kidogo kidogo. Mwaka uliofuata, katika miezi ya baridi, Mei na Juni na Julai, nilikuwa nikitoka alfajiri kwenye barabara ya Kasapa, umande ukiwa bado majanini. Mwezi wa Agosti nilimaliza kilomita 16 bila uchungu hata kidogo. Nilimshukuru Mungu, nami nikaanza kujivuna.

Wakati ule lilitangazwa shindano la mbio za nusu marathoni, yaani kilomita 21 na karibu mita 100, siku ya Dominika katika mwezi wa Oktoba. Niliandikisha jina langu kwanza, kisha nikamwarifu mke wangu. Ninyi akina baba mnajua kwamba mpango huo si mzuri.

Aliniuliza, "Baba watoto, mguu umepona. Je, na kichwa nacho kimepona?"

Sikuwa na jibu. Tukakaa, tukafanya mapatano. Neno la kwanza: nitakwenda kwa mwendo wa mtu awezaye kusema na mwenzake. La pili: kila penye maji nitatembea. La tatu: yeye na kijana wetu wa kwanza watakuwa kwenye kilomita ya 15 na ndoo ya maji, na akiniona nimebadilika, nitasimama pasipo ubishi. Nilikubali yote, kama mtu akubalivyo jambo ambalo hadhani litatokea.

Sasa tuliache shindano kidogo, tulitazame joto lenyewe, kwani wengi hulifikiri kuwa ni taabu ya ngozi tu. Mkimbiaji ana moto ndani yake. Katika nguvu anazotumia, sehemu kubwa haiwi mwendo, bali huwa joto. Damu hulibeba joto hilo mpaka kwenye ngozi, na jasho, likikauka, hulipoza. Angalieni neno hili, likikauka. Jasho lidondokalo chini halipozi kitu. Ndiyo sababu hewa yenye unyevu mwingi huumiza kuliko hewa kavu. Tena damu ni ile ile moja: misuli inaitaka, na ngozi inaitaka. Mtu akipungukiwa maji, haiwatoshi wote wawili. Moyo hupiga mbio, na joto la mwili hupanda.

Muumba ameujalia mwili kujizoeza. Mtu akifanya kazi katika joto kila siku kwa kiasi, baada ya siku 10 mpaka 14 jasho lake huanza mapema, nalo hutoka na chumvi kidogo zaidi. Na maji ya damu huongezeka. Lakini mazoea hayo hayawekwi akiba. Ukikaa kivulini majuma machache, yanapotea. Hapo ndipo penye mtego wa mtu aliyetoka katika maumivu. Mguu wangu ulikuwa umeponea katika baridi ya alfajiri. Mwili wangu haukuwa umelionja jua la mchana kwa muda mrefu. Mguu uliopona si mwili uliozoea.

Wala msidhani kwamba wenye mbio wakubwa wamesamehewa sheria hii. Mwaka 1912, mjini Stockholm, Mreno Francisco Lázaro alikimbia marathoni siku ya jua kali. Habari zasimulia kwamba alikuwa amejipaka mafuta mazito mwilini, nayo yakalizuia jasho. Alianguka njiani, akafa siku ya pili. Mwaka 2019, huko Doha, marathoni ya wanawake iliwekwa karibu na saa sita ya usiku ili kulikwepa jua. Hata hivyo joto lilizidi digrii 30, na unyevu ulikuwa mwingi. Walianza 68, wasiomaliza walikuwa 28. Hata aliyeshinda, mwanamke wa Kenya, alichelewa zaidi ya robo saa kuliko alivyokimbia Dubai mwezi wa Januari wa mwaka ule ule. Wenye busara hawakushindana na hewa, walipunguza mwendo.

Turudi Lubumbashi. Tulikuwa tumeambiwa kwamba mbio zitaanza saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi na mbili sote tulikuwa tumejipanga. Lakini mgeni wa heshima alikuwa hajafika. Alipofika, alikuwa na hotuba, na baada yake mwingine akawa na hotuba ya kumshukuru kwa hotuba yake. Tuliachiliwa karibu na saa mbili. Wanaoijua Oktoba ya Katanga, kabla mvua haijafungua njia, wanajua maana ya saa hizo mbili: vumbi limekwisha kuamka, lami imekwisha kupata moto, na mbingu ni nyeupe.

Yafaa ningalibadili hesabu yangu pale pale. Sikuibadili. Hata hivyo kilomita kumi za kwanza nilishika mapatano, na kisigino kilinyamaza kama mtoto alalaye. Ndipo mwanafunzi wangu wa zamani aliponipita akicheka: "Mwalimu, twende!" Neno dogo, nami nikaenda. Kilomita tatu nilikimbia kwa mwendo wake, si wangu. Meza moja ya maji niliipita pasipo kutembea, ili asiniache. Kisha akaniacha.

Nilipofika kwenye kilomita ya 15 nilikuwa nasikia baridi. Fikirini jambo hilo: jua la utosi, na nywele za mikono zimesimama! Mke wangu alikuwa chini ya mwembe, na ndoo. Hakuniuliza habari za mguu. Alinitazama usoni, akasema, "Mwalimu, saba mara nane?"

"Hamsini na nne," nilijibu upesi, nami nikacheka kwa jinsi nilivyojua.

Yeye hakucheka. "Kaa chini, baba watoto."

Nilianza kubisha. Nilimwambia kwamba zimebaki kilomita sita tu, kwamba nimengoja miaka miwili, kwamba mguu hauumi. Yote yalikuwa kweli, wala hayakuwa na maana yoyote. Kijana wangu alikuwa ananitazama, yeye aliyesikia mapatano yetu. Niliona kwamba nikiondoka pale, nitamfundisha somo ambalo sitaweza kulifuta ubaoni. Nikakaa. Walinimwagia maji kichwani na shingoni, wakanipepea kwa kanga. Baada ya robo saa nilijua mwenyewe kwamba jibu langu lilikuwa kosa.

Kwa kuwa nilikuwa nimekaa hapo, niliona lililofuata. Alikuja kijana mmoja nisiyemjua, akiyumba kama mlevi. Alitupita, akageuka, akaanza kurudi alikotoka, akisema maneno yasiyo na mpango. Watu walitaka kumtia maji kinywani. Wengine walisema afunikwe, kwani anatetemeka. Tuliwazuia. Mtu aliyechanganyikiwa hamezi vizuri. Maji yaweza kumwingia mapafuni. Tulimlaza kivulini, tukamvua shati, tukammwagia maji mwili mzima bila kukoma, na wawili wakampepea. Mama mmoja aliyekuwa akiuza vinywaji alifungua sanduku lake, akatoa barafu yote. Tuliiweka kwapani, shingoni na kwenye mapaja. Mtu mwingine alikwenda kutafuta gari. Gari lilipofika, kijana alikuwa amekwisha kutaja jina lake na jina la mtaa wao. Jioni tuliarifiwa kwamba yu mzima. Yule mama alikataa kulipwa barafu yake.

Mimi sikumaliza. Siku ya Jumatatu walimu wenzangu walinichekesha vya kutosha. Niliwajibu kwa habari za Mexico. Mwaka 1968, katika marathoni ya Olimpiki, Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda Roma mwaka 1960 na Tokyo mwaka 1964, tena Tokyo majuma machache tu baada ya kupasuliwa tumbo, alianza mbio na mguu ulioumia. Karibu na kilomita ya 17 akasimama, akatoka. Katika mbio zile zile John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka, akaumia goti. Naye aliendelea, akifungwa bendeji, akafika wa mwisho, wa 57, giza limekwisha kuingia. Dunia humkumbuka Akhwari kwa kufika, na ni haki. Mwaka 1970, huko Edinburgh, alikuwa wa tano katika michezo ya Jumuiya ya Madola. Lakini nani atathubutu kusema kwamba Bikila alikuwa mwoga? Kuna uchungu ambao mtu aweza kuubeba, na kuna hatari ambayo haibebeki. Goti huumia, na akili hubaki kuamua. Joto huanza na akili yenyewe. Ndiyo maana mwenye kupigwa na joto hajijui, naye yapasa kumtegemea mwenzake.

Basi, ninyi mnaotoka katika maumivu na kutamani mbio, sikieni machache. Jizoezeni katika joto kwa siku 14 kabla ya shindano, kwa kiasi. Kunyweni kwa kufuata kiu. Msijijaze maji kama mtungi, kwani maji mengi kupita kiasi huipunguza nguvu chumvi ya damu, nayo yaweza kuua. Msimeze vidonge vya maumivu, kama ibuprofeni, ili kukinyamazisha kisigino: huficha ishara ya mwili, na katika joto huweza kudhuru figo. Mwenye homa au kuhara abaki nyumbani. Mkimbiaji akichanganyikiwa, mpozeni kwanza hapo hapo alipo, mkiwa mnatafuta gari. Nanyi mnaoandaa mbio, hotuba ziwekwe mwisho; jua halingoji wageni wa heshima.

Mwezi wa Novemba, baada ya mvua za kwanza, niliamka saa kumi na moja alfajiri. Kijana wangu alichukua baisikeli na chupa mbili za maji. Tulikwenda barabara ya Kasapa na kurudi, kilomita 21 zote, nami nikitembea kila baada ya kilomita tatu kama mapatano yalivyosema. Tulitumia saa 2 na dakika 24. Hapakuwa na medali, wala bendi, wala hotuba. Kisigino hakikusema neno.

Mlangoni, pale pale penye kipandio, mke wangu alikuwa amesimama na kikombe cha chai.

"Saba mara nane?"

"Hamsini na sita, mama watoto."

"Ingia," akasema, "bukari imekwisha iva."